Mashine Haijui Biashara Yako: Namna ya Kuiagiza Akili Mnemba Itusaidie Kupata Wateja

Mada iliyotolewa na Idara ya Maendeleo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za Bukoba na Muleba



Kamati kadhaa zimetuomba tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu wameanza kulitumia na wazee wetu wanalisikia kwa mbali tu, yaani akili mnemba. Wengine huiita akili bandia, wengine akili unde. Leo hatutazungumzia mambo yake yote. Tutazungumzia jambo moja tu linalowahusu wanavikundi wetu: mtu mwenye biashara ndogo aiagize vipi mashine hii ili imwandikie tangazo litakalomletea mteja, na mteja huyo arudi tena.

Kwa nini tunajali matangazo

Mkoa wetu wa Kagera haukosi bidhaa. Tunayo kahawa, ndizi, vanila, senene, dagaa na samaki wa ziwani, mikeka na vikapu vya akina mama. Kinachotusumbua ni soko. Wote hapa mnaifahamu butura: mkulima ana shida ya ada ya shule au ya matibabu, anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Butura inapigwa vita na serikali na vyama vya ushirika, lakini mzizi wake ni umaskini pamoja na kukosa njia nyingine ya kumfikia mnunuzi. Mtu asiyejulikana na wanunuzi wengi hulazimika kumkubali yule mmoja aliyesimama mlangoni.

Hivyo basi, tangazo zuri kwa mwanakikundi wetu ni njia ya kuongeza idadi ya wanunuzi wanaomfahamu. Zamani njia hiyo ilikuwa redio, bango au tangazo baada ya Misa. Leo imeongezeka simu. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unaweza kumfikia mtoto wa Kamachumu anayeishi Dar es Salaam kabla mama yake hajamaliza kuanika kahawa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunajua kukaanga, kusuka na kulima, ila kuandika tangazo kunatushinda. Hapo ndipo mashine inapoweza kusaidia, kwa sharti kwamba tunajua kuiagiza.

Mashine hii ni nini

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI iliwafungulia watu wote programu ya ChatGPT. Tangu hapo zimetokea nyingine, mfano Gemini ya Google. Unaiandikia kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, nayo inakujibu kwa maneno. Zipo huduma za bure zinazotosha kwa kazi ya tangazo. Unachohitaji ni simu ya kisasa na bando.

Programu hii imesomeshwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Kwa sababu hiyo inaandika kwa ufasaha na kwa haraka. Kwa sababu hiyo hiyo, inaweza kuandika uongo kwa ufasaha ule ule. Haijawahi kukanyaga soko la Bukoba. Haijui mkungu wa ndizi umeuzwaje Kemondo leo asubuhi. Pale isipojua, mara nyingi hainyamazi; hujaza pengo kwa maneno yanayofanana na ukweli.

Maneno tunayoiandikia tuyaite agizo. Mkimtuma mtoto dukani na kumwambia, "Nenda kalete kitu," atarudi na chochote, nanyi hamtakuwa na haki ya kumgombeza. Mkimwambia alete nusu kilo ya sukari, duka fulani, na chenji ibaki kiasi gani, atarudi na kile mlichokitaka. Agizo la mashine ni vivyo hivyo.

Mama wa senene

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaanga na kuuza senene mjini Bukoba. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, naye anataka kuwauzia Wahaya walioko mikoani. Anachukua simu na kuandika: "Niandikie tangazo la senene."

Atapata tangazo, tena refu. Litasifu ladha ya kipekee, ubora wa hali ya juu na afya bora kwa familia nzima. Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye sabuni, maharage au godoro bila kubadilisha kitu. Bei haimo, mahali hapamo, na namna ya kununua haimo. Mbaya zaidi, huenda mashine ikaongeza kwamba senene hao wamethibitishwa na wataalamu au wanatibu ugonjwa fulani, jambo ambalo mama hakulisema.

Sasa tumwone mama yule yule akiandika agizo lililokamilika:

"Mimi ni mama ninayekaanga na kuuza senene Bukoba mjini. Wateja ninaowataka ni watu wa Kagera wanaoishi Mwanza na Dar es Salaam. Senene wangu ni wa msimu huu, wamenyonyolewa mabawa na miguu, wamekaangwa kwa chumvi, hawana pilipili. Pakiti ni gramu 200, bei shilingi 5,000. Ninatuma kwa basi na mteja analipa gharama ya kusafirisha. Niandikie ujumbe wa WhatsApp usiozidi maneno 60, kwa Kiswahili cha kawaida cha Tanzania, kama mtu anayeongea na jirani yake. Usitaje kutibu ugonjwa. Usiseme jambo lolote ambalo sijakuambia. Kama kuna jambo muhimu nimelisahau, niulize kwanza kabla ya kuandika."

Tazameni sentensi ile ya mwisho. Ni fupi lakini ina faida kubwa. Mashine iliyoambiwa iulize inaweza kumuuliza mama: senene hawa wanakaa muda gani bila kuharibika? Mteja analipaje? Anapata mzigo baada ya siku ngapi? Hayo ndiyo maswali ambayo mteja wa Dar es Salaam angeuliza, na kama asingepata jibu angenyamaza na fedha yake. Majibu anayo mama aliyekaanga. Ikiwa jibu moja halijui, kwa mfano siku za kukaa kwa bidhaa, basi amepata kazi ya kwenda kumuuliza mtaalamu kabla ya kumwahidi mtu.

Baada ya maswali, ujumbe unaweza kutoka hivi:

"Senene wa Bukoba wa msimu huu wapo tayari. Wamenyonyolewa, wamekaangwa kwa chumvi, hawana pilipili. Pakiti ya gramu 200 ni shilingi 5,000. Kama uko Mwanza au Dar es Salaam ninakutumia kwa basi, gharama ya kusafirisha unalipa wewe. Niandikie idadi ya pakiti na mji ulipo."

Ni maneno machache yasiyo na mbwembwe. Mteja anajua anapata nini, kwa kiasi gani, na afanye nini sasa.

Mambo matano ya kuweka katika agizo

Kutokana na mfano huo, tunaomba kila kamati iyashike mambo matano na kuyafundisha katika vikundi.

Kwanza, jieleze: wewe ni nani, uko wapi, unauza nini. Usiandike "bidhaa za asili". Taja mkeka, kikapu, kahawa ya unga, asali.

Pili, mtaje mnunuzi. Tangazo la mwenye hoteli anayetaka ndizi kila wiki halifanani na tangazo la msafiri anayetafuta zawadi. Kama wanunuzi ni wa aina mbili, andika maagizo mawili.

Tatu, toa ukweli wa bidhaa: kipimo, bei, namna ilivyotengenezwa, inapatikana lini, inalipiwaje. Hapa ndipo watu wengi hufupisha, na hapa ndipo mashine hupata nafasi ya kubuni.

Nne, sema unataka nini: ujumbe wa simu, tangazo la kusomwa redioni au maneno ya kibandiko. Sema urefu, sema lugha, sema mtindo.

Tano, weka mipaka: mambo ambayo isiyaseme, na kwamba iulize pale isipojua.

Baada ya hapo msikubali jibu la kwanza. Iambieni mashine palipokosewa: "Fupisha. Ondoa neno kipekee. Anza na bei." Itaandika upya mara nyingi mtakavyo. Kisha msomeeni mtu asiyeijua biashara hiyo, kwa sauti, mumuulize amesikia bei gani na atanunuaje. Akishindwa kujibu, tangazo bado.

Mashine haijui yaliyo yetu

Kwa upande wa kahawa tunaona wazi zaidi kwa nini agizo lazima libebe maarifa ya kwetu. Ukiiomba mashine tangazo la "kahawa ya Tanzania", huenda ikakuandikia habari za arabika na miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuwa hayo yameandikwa sana. Kahawa iliyotawala mashamba yetu ni robusta, yenye ladha nzito na kafeini nyingi kuliko arabika. Nayo ilikuwepo kabla ya wakoloni. Wazee wetu walichemsha matunda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakampa mgeni atafune. Tunda moja lenye punje mbili lilitumika katika kufunga undugu baina ya watu wawili.

Kikundi cha Muleba kinachosaga kahawa yake kikiyaandika hayo katika agizo, kitapata tangazo ambalo msagaji wa mkoa mwingine hawezi kulinakili. Kisipoyaandika, kitapata tangazo la kahawa ya mlima ambao hakijaupanda.

Hali kadhalika lugha. Kiswahili cha mashine kinafaa, ingawa wakati mwingine kinanukia Kiingereza kilichotafsiriwa. Kihaya chake msikiamini, maana maandishi ya Kihaya yaliyopo ni machache sana kwa mashine kujifunzia. Mkitaka tangazo la Kihaya, mwandike wenyewe. Wapo bibi na babu katika kila jumuiya watakaowasahihisha bila bando.

Ukweli katika mizani

Ndugu zetu, sasa tunafika mahali pazito zaidi. Fedha ambayo mwanakikundi anakopa kununulia vifungashio ni hisa za majirani zake. Akiuza kwa tangazo la uongo, mteja atanunua mara moja tu. Mkopo utachelewa, na atakayeumia ni yule mjane aliyeweka akiba yake Jumapili baada ya Jumapili. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo, na hatuoni kwamba imemsamehe mtu kwa sababu maneno yaliandikwa na mashine. Aliyebonyeza kitufe cha kutuma ndiye aliyesema.

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa hiyo tunasisitiza mambo manne.

La kwanza ni madai ya tiba. Asali, vanila, kahawa na senene ni vyakula. Msiruhusu tangazo liseme vinatibu kisukari, presha au jambo jingine lolote.

La pili ni alama za ubora. Msitaje alama ya TBS kama hamjapewa. Aidha, mjihadhari na habari zilizopitwa na wakati. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Mashine iliyosoma maandishi ya zamani inaweza bado kumwelekeza msindikaji wa chakula aende TFDA. Kwa mambo ya vibali, nendeni TBS, SIDO au kwa afisa biashara wa halmashauri.

La tatu ni picha. Mashine zinaweza kutengeneza picha ya kikapu ambacho hakuna mtu aliyekisuka. Mteja akiletewa kikapu tofauti ataona ameibiwa, na atakuwa sahihi. Pigeni picha ya bidhaa yenyewe, mchana, nje penye mwanga, hata juu ya jani la mgomba. Inatosha.

La nne ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina ya wateja, namba zao za simu, na zaidi ya yote daftari la mikopo la kikundi, visiingizwe katika mashine hizi. Tangazo halihitaji kujua nani anadaiwa.

Kanisa nalo linalitazama jambo hili

Wapo wanaotuuliza kama inafaa parokia kujishughulisha na mashine. Baba Mtakatifu Fransisko aliifanya akili mnemba na amani kuwa mada ya Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza makardinali siku mbili baadaye kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII, ambaye mwaka 1891 aliandika Rerum Novarum kutetea wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, na kwamba leo Kanisa linakabiliwa na mapinduzi mengine yanayoletwa na akili mnemba. Waraka ule ulitoka mwaka mmoja tu kabla ya wamisionari kuanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Swali lake bado ni letu: chombo kipya kikija, heshima na kipato cha mtu mdogo vinakuwaje?

Tunachoomba kwenu

Kwa kamati za parokia, tunapendekeza kila parokia iteue vijana wawili wenye simu na ujuzi, wakae na vikundi siku moja kwa mwezi. Kijana aandike, lakini mwenye biashara ndiye aseme. Kijana akianza kubuni kwa niaba ya mama, tutakuwa na mashine mbili badala ya moja. Kila tangazo lisomwe kwa sauti mbele ya mwenye bidhaa kabla halijatumwa, hata kama hajui kusoma, naye aulizwe swali moja: haya yote ni kweli? Kikundi kiwe na daftari dogo la kuandika tangazo lilitumwa lini, waliuliza wangapi, walinunua wangapi, na wangapi walirudi.

Wasio na simu za kisasa wasiachwe. Mambo matano tuliyoyataja yanafaa hata kwa tangazo la mdomo, la redio au la kuandikwa kwa chaki kwenye ubao wa duka.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wenu, nanyi tunawaomba jambo moja. Msitupime kwa idadi ya simu zilizogawiwa wala idadi ya washiriki wa semina. Tuulizeni juu ya daftari lile: wateja waliorudi ni wangapi, na mikopo imerejeshwa kwa wakati? Chombo hiki ni rahisi kukionyesha katika picha na taarifa. Faida yake itaonekana pale mkulima atakapokuwa na wanunuzi watatu mlangoni, akaweza kumwambia mtu wa butura, "Mwaka huu hapana."

Wapendwa, mashine imepewa maneno mengi kuliko sisi sote. Haijapewa shamba, wala jiko, wala jina jema katika kijiji. Hivyo ni vyenu. Iagizeni kwa ukweli, muisahihishe kwa subira, na mtie saini zenu pale tu ambapo mngethubutu kusema maneno hayo hayo mbele ya jirani.